MASHINI INAYOCHEZA DAME, NA KOSA LETU SISI KAPITA



Wenye kutengeneza gazeti letu walituomba sisi kapita wa wanafunzi tuandike kitu kabla ya kwenda Egzetati, kama vile finalisti wanavyofanya kila mwaka. Wakubwa waliotutangulia waliandika juu ya usafi, juu ya kuamka mapema na juu ya heshima. Sisi tumechagua kuandika namna ordinatere, ao kompyuta, inavyocheza michezo ya ubao na ya karata. Tunajua wengine watacheka. Watasema: kapita anajua nini ya ordinatere, na shule iko nazo tatu tu, na moja haiwaki? Ni kweli. Lakini jambo hili lilitufikia kwa njia mbaya, na ndani yake tuko na deni. Basi tunawaomba msome mpaka mwisho, maana deni liko katika mwisho.

Ninyi wote mnaijua dame inayochezwa nyuma ya dortware siku ya posho, kisha kazi ya mikono. Ubao wetu uko na nyumba 100, nusu nyeupe na nusu nyeusi, na kila mtu anapanga pioni 20. Pioni ni vifuniko vya chupa, vya Fanta kwa mmoja na vya bia kwa mwingine. (Bwana Pastori aliuliza vile vya bia vilitoka wapi. Viliokotwa barabarani, na hii ni kweli.) Pioni ikifika mstari wa mwisho inavikwa kifuniko cha pili na inakuwa dame, na dame inaruka mbali, mbele na nyuma.

Sisi tulijulikana kuwa mkali wa mchezo huu. Kwa miaka miwili hakuna mtu katika interna aliyetushinda mara mbili kwa kufuatana. Tuliipenda ile sifa kuliko tulivyosema.

Siku moja ya posho, mwezi wa kumi na moja, mdogo wetu mmoja wa klasi ya nane aliomba kucheza na sisi. Ni mtoto wa maneno machache, anayekaa karibu na mlango wa refektware. Tulimshika mapema. Tukafika pahali ambapo sisi tulibaki na dame tatu na yeye moja. Watu wakaanza kutupongeza. Lakini yule mtoto aliweka dame yake katika njia ndefu, ile inayotoka pembe ya ubao mpaka pembe ya pili kwa kupita katikati, akawa anapanda na kushuka tu. Tulimzungukia huku, tukamzungukia kule, bure. Kengele ya studi ikalia. Akatuambia kwa sauti ndogo:

— Yaya, hii hautaishika paka kesho. Ni egalité.

Watoto wakacheka. Sisi pia tulicheka, lakini ndani ya moyo hakukuwa kicheko.

Majuma mawili kisha hapo, egzamani za nusu mwaka zikaanza. Kazi ya kapita mnaijua: kusimama mlangoni na kutazama mifuko ya watu, asiingie mtu na kopio. Asubuhi ya egzamani ya hesabu, katika mfuko wa shati ya yule mtoto, tulikuta kaye ndogo iliyokatwa nusu. Ndani yake kurasa zilijaa namba tu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari huu: 5, 10, 14, 19, 23, 28, 32, 37, 41, 46. Chini yake namba zingine, na mishale, na herufi.

Tukamwuliza: Hii ni nini?

— Haiko kopio, yaya. Ni mambo ya dame.

— Dame iko na hesabu gani? Unatuona sisi wajinga?

Akanyamaza. Tulimpeleka mbele ya wakubwa wa nidhamu. Tuliandika ripoti kwa mkono wetu, na katika ripoti tulisema ya kwamba tulikuta majibu ya egzamani. Hatukuandika “tunafikiri”. Tuliandika “tulikuta”. Mtoto akapata zero, na siku tatu za kukata majani wakati wengine wako darasani. Na kwa sababu ni desturi ya kuchoma kopio, sisi wenyewe tulipeleka ile kaye jikoni, tukaiweka chini ya sufuria ya maharagi.

Hapo tuache kwanza, tuje kwa ordinatere.

Mwezi wa pili, profesa wetu wa hesabu alikuja darasani na punje za mahindi mfukoni. Akaweka punje 21 juu ya meza, akasema: “Watu wawili. Kila mtu kwa zamu yake anatosha punje moja, mbili ao tatu. Anayetosha ya mwisho anashinda. Nani anataka kucheza na mimi?” Tulicheza naye sisi sita, mmoja kwa mmoja. Kila mara yeye alianza, na wote sita tulipoteza.

Kisha akatufundisha siri, na siri ni kuanzia mwisho. Kama zimebaki punje 1, 2 ao 3 na ni zamu yako, umeshinda, unatosha zote. Kama zimebaki 4, umepoteza, maana hata ukitosha ngapi, unamwachia mwenzako 3, 2 ao 1. Basi kama zimebaki 5, 6 ao 7, unatosha kiasi cha kumwachia 4. Na 8 ni mbaya kama 4. Hivi unarudi nyuma polepole: 4, 8, 12, 16, 20. Yule anayeanza na 21 anatosha moja, anamwachia mwenzake 20, na mchezo umekwisha kabla haujaanza. Jaribuni jioni hii.

Profesa akasema: “Mchezo huu sasa umetatuliwa. Kuujua mchezo vizuri ni kitu kimoja. Kuutatua ni kitu kingine. Kuutatua ni kujua kwa uhakika, tangu mwanzo, utaishia wapi kama wote wawili hawakosei.”

Ndipo alipotueleza mashini. Tunaandika kwa kifupi yale tuliyoshika.

Ordinatere haitazami ubao kama sisi, haioni uzuri wala hatari. Inahesabu. Inajiuliza: nikisukuma pioni hii, yule atajibu nini? Na akijibu vile, mimi nitafanya nini? Ni kama mti wenye matawi, na kila tawi linatoa matawi mengine. Kwa zamu yake inatafuta tawi lililo zuri kwake. Kwa zamu ya mwingine inahesabu ya kwamba mwingine naye atachagua lile lililo baya kwake kupita yote. Haitumaini hata mara moja ya kwamba mwingine atasinzia. Sisi watu, mara nyingi tunasukuma pioni na kuomba moyoni mwenzetu asione.

Lakini mti huu unakua upesi sana. Kama kila mara kuko njia 8 za kucheza, kwa hatua 2 ni 64, kwa hatua 6 ni 262 144, na kwa hatua 10 tayari unapita miliyari moja. Kwa hiyo mashini inafanya mambo mawili. Kwanza inakata matawi: ikiona jibu moja tu la adui linaloharibu njia fulani, haipotezi tena wakati kuhesabu majibu mengine ya njia ile. Pili, pale inaposhindwa kuendelea mbele, inakadiria: pioni ngapi zimebaki, dame ngapi, nani ameshika katikati. Ndiyo maana inaweza kucheza vizuri sana bila kujua kweli yote.

Na kitu kilichotushangaza ni kwamba kazi hii ilianza bila mashini. Mwingereza Alan Turing, pamoja na rafiki yake, aliandika mwaka 1948 kanuni za kuchezesha sataranji, ile Wafaransa wanaita échecs. Hakukuwa ordinatere ya kuziweza. Basi mwaka 1952 Turing alichukua karatasi na kalamu, akajifanya yeye mwenyewe mashini, akahesabu kila hatua kwa kufuata kanuni zake, karibu nusu saa kwa hatua moja. Alipoteza mchezo ule. Lakini njia ilikwisha kufunguliwa. Miaka 45 kisha hapo, mwezi wa tano 1997, katika New York, mashini ya Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia, kwa 3½ juu ya 2½. Deep Blue ilihesabu mipango miliyoni 200 kwa segonde moja.

Nao mchezo wa wari wa Afrika ya Magharibi, ndugu ya kisoro chetu, wenye mashimo 12 na mbegu 48, ulitatuliwa mwaka 2002 na watu wawili wa chuo kikuu kimoja cha Amsterdam. Walihesabu mipango yote inayoweza kutokea, 889 063 398 406, kwa ordinatere zilizofungwa pamoja. Jibu: kama hakuna anayekosea, ni egalité. Mababu walicheza karne nyingi mchezo ulio sawa kwa wote wawili.

Kisha profesa akafika kwa dame.

Katika Kanada, chuo kikuu cha Alberta, kulikuwa profesa anayeitwa Jonathan Schaeffer. Mwaka 1989 alianza na wenzake kutengeneza mashini ya kucheza dame ndogo, ya nyumba 64 na pioni 12 kwa kila mtu. Wakaiita Chinook. Bingwa wa dunia alikuwa Mmarekani, Marion Tinsley, mwenyewe profesa wa hesabu na pia mhubiri kanisani. Mtu huyu, tangu 1950 mpaka kufa kwake, alipoteza michezo isiyofika hata kumi. Mwaka 1990 alicheza na Chinook, na mashini iliposukuma pioni kwa mara ya kumi, alisema papo hapo ya kwamba itajuta. Hatua 26 kisha hapo, mashini ilikubali kushindwa.

Mwaka 1992 wakakutana London. Michezo 33 ilikuwa egalité, Tinsley alishinda 4, na Chinook ilishinda 2. Watu wanasimulia ya kwamba Tinsley hakuogopa, alisema yeye ana mtengenezaji mkubwa kuliko yule wa Chinook, maana Chinook ilitengenezwa na Jonathan, na yeye alitengenezwa na Bwana. Mwaka 1994 wakakutana tena katika Boston. Kisha egalité sita, mzee akasikia maumivu tumboni, akaacha. Ilikuwa kansa, na mwaka 1995 akafariki. Mashini ikawa bingwa, lakini yule aliyeitengeneza hakupata furaha kamili, maana hakuna aliyejua kama ingalimshinda.

Kwa hiyo Schaeffer akachagua njia nyingine. Hakutafuta tena mashini ya kumshinda mtu. Alitafuta kweli ya mchezo. Namna gani? Kama punje za mahindi: akaanzia mwisho. Kwanza aliandika mipango yote yenye pioni chache kabisa, akajua kila mmoja unashinda, unapoteza ao ni egalité. Kisha pioni moja zaidi, akirudi nyuma, mpaka pioni 10. Mipango ile ilikuwa karibu 39 na zero 12. Upande wa pili akatoka mwanzo wa mchezo, akashuka mpaka njia zote zinazohitajika zikutane na ile akiba. Mipango ya dame ndogo yote ni zaidi ya 5 na zero 20, lakini kwa ujuzi hakulazimika kupita kila mmoja. Mwaka 2007 kazi ikaisha: dame ndogo, kama wote wawili wanacheza bila kosa, ni egalité. Ndiyo kusema zile egalité 33 za mzee Tinsley hazikuwa uzembe. Kwa kichwa chake tu alikuwa amekaribia kweli.

Sataranji haijatatuliwa mpaka leo, isipokuwa miisho yenye vipande 7 ao chini yake. Na dame yetu kubwa ya nyumba 100 haijatatuliwa pia. “Lakini miisho yake mingi inajulikana,” profesa akasema, “hata bila mashini. Wachezaji wa dunia wanazihesabu nyumba nyeusi kutoka 1 mpaka 50. Kwa mfano, dame moja iliyoshika njia ndefu haishikwi na dame tatu. Njia ile ni hii.” Akageuka, akaandika ubaoni kwa chaki:

46, 41, 37, 32, 28, 23, 19, 14, 10, 5.

Wapendwa, tulisikia baridi mwilini. Tulikuwa tunaandika, na biki ikasimama. Ulikuwa mstari ule ule, umegeuzwa tu. Tuliusoma mara nyingi siku ile ya egzamani kwa kutafuta ni jibu la swali gani. Kumbe haukuwa jibu la egzamani hata moja. Ilikuwa ile njia ambayo mtoto alipanda na kushuka mbele ya macho yetu, nasi na dame zetu tatu tukashindwa kumshika.

Hatukulala vizuri usiku ule. Asubuhi, mbele ya kazi, tulimtafuta mtoto penye bomba la maji. Tukamwuliza ile kaye ilikuwa nini. Alitutazama kwanza, kisha akasema:

— Niliambia yaya. Ni dame. Baba mdogo alinionyesha namna ya kuhesabu nyumba. Mi nikaanzia mwisho. Dame moja kwa moja, kisha mbili kwa moja, kisha tatu kwa moja. Nilifika kwa pioni moja na dame moja.

— Na nani alikuambia kuanzia mwisho?

— Hapana mtu. Mwanzo ni mukubwa sana, yaya. Mwisho njo iko kidogo.

Turing alifanya mashini ya karatasi na watu wanaandika jina lake katika vitabu. Katika interna yetu mtoto wa klasi ya nane alifanya mashini ya karatasi, na kapita akaipikia maharagi.

Tunataka kusema sasa jambo la karata, ijapokuwa karata haziingii katika shule hii na hatuandiki ili ziingie. Profesa alitueleza ya kwamba katika dame kila kitu kiko wazi juu ya ubao: ninachokiona mimi, na wewe unakiona. Katika karata kila mtu anaona zake tu. Kwa sababu hiyo ule mti wa matawi hautoshi, maana hujui umesimama juu ya tawi gani. Watu wa Alberta walipata dawa mwaka 2007, na dawa yenyewe inapima majuto. Mashini inacheza na nafsi yake mara nyingi sana, na kisha kila mchezo inajiuliza: kama pale ningalifanya ile ingine, ningalipata ngapi zaidi? Kile kiasi inakiandika kama majuto. Njia yenye majuto mengi ya kutofuatwa, mara nyingine inafuatwa zaidi kidogo. Inarudia hivyo mpaka majuto yanakuwa karibu bure. Kwa njia hii, mwaka 2015, waliutatua karibu kabisa mchezo mmoja wa poka ya watu wawili. Na mwaka 2017 mashini nyingine, Libratus ya Pittsburgh, iliwashinda mabingwa wanne wa poka kwa siku 20, michezo 120 000. Ilijifunza hata kudanganya, kuweka mali nyingi juu ya karata mbovu, na hakuna mtu aliyeifundisha.

Tuliwaza sana juu ya hayo. Siku ya egzamani sisi tulihukumu kama vile tunacheza dame, kama vile kila kitu kiko wazi mbele yetu. Kumbe ulikuwa mchezo wa karata. Tuliona mkono wetu tu: kaye, namba, mfuko wa shati, siku ya egzamani. Mkono wa mtoto hatukuuona, na alipotaka kutuonyesha tulimfunga kinywa. Tena katika mkono wetu wenyewe kulikuwa karata moja tuliyoificha hata sisi tusiione: ile posho, na kile kicheko. Kama mngalituuliza siku ile, tungaliapa ya kwamba haikuingia katika ripoti. Leo hatuwezi kuapa.

Na majuto ya mashini si kama yetu. Mashini inajuta mara elfu na elfu kabla ya kucheza na mtu, na hakuna anayeumia. Sisi tulijuta mara moja, kisha moto.

Tulikwenda kwa Bwana Prefe siku ile ile, kabla ya chakula. Tulisema ya kwamba ripoti yetu ilikuwa ya uongo, si kwa kuwa tulijua kweli tukaificha, lakini kwa kuwa hatukujua tukasema tunajua. Amri ya tisa tuliifundishwa tangu tukiwa watoto wadogo katika masomo ya siku ya Mungu, na tulifikiri inahusu watu wa mahakama. Tulikuwa tayari kuvuliwa ukapita. Bwana Prefe alinyamaza muda mrefu. Kisha akaita profesa wa hesabu, mtoto akapewa egzamani nyingine. Alipata 17 juu ya 20. Zero ikafutwa katika buletini yake. Siku tatu za majani hazikufutika, maana majani yalikwisha kukatwa. Sisi tuliambiwa tubaki kapita mpaka mwisho wa mwaka, na tuandike jambo hili sisi wenyewe, kwa wakati tutakaochagua. Ndiyo haya. Tulichelewa miezi mitatu, sababu ya haya.

Kaye ile haikuweza kurudi. Tulinunua mpya, ya kurasa 100, tukampelekea kwa mikono miwili kama tunavyompa mkubwa kitu. Tulitaka kumsaidia kuandika. Alikubali, lakini alisema kitu moja: tusianze pale alipofika, tuanze tena na dame moja kwa moja, maana hataki kuandika kitu ambacho hakukiona mara ya pili kwa macho yake. Sasa kila siku ya posho tunakaa chini ya mwembe, yeye anasukuma vifuniko na sisi tunaandika namba. Tuko kwenye ukurasa wa 31. Tulimkuta na makosa mawili, na yeye alitukuta na kumi na ine. Kazi hii hatutaimaliza kabla ya Egzetati, na hata yeye peke yake hataimaliza, maana dame kubwa imewashinda mpaka wenye mashini. Lakini yule aliye na njia ndefu tumemwona mara ya pili, na kweli haishikiki.

Kwa yule atakayekuwa kapita mwaka ujao, tunaacha maneno haya. Ukikuta kitu usichokifahamu katika mfuko wa mwenzako, mpe nafasi ya kukueleza mpaka mwisho, na kama hujafahamu, muite mwenye kufahamu. Katika ripoti andika kile macho yako yaliona, na kile unachofikiri kiandike pembeni kwa jina lake. Jikoni usipeleke kitu siku ile ile. Maharagi yanaiva hata kwa kuni.

Na wewe mdogo wetu wa klasi ya nane, ambaye hatutaji jina lako kwa kuwa ulituomba tusilitaje: mbele ya shule nzima tunasema, haikuwa kopio. Tulikosa juu yako. Utusamehe.

Wenye kutaka kuona ile kaye, waje siku ya posho kisha kazi, chini ya mwembe. Waje na vifuniko vyao. Vya Fanta ni bora.



Ni sisi, kapita wa wanafunzi, klasi ya mwisho.